Bayodinamiki: pembe ya ng'ombe, kalenda ya mwezi, na nani hasa anabeba gharama za shamba

Ukitaja kilimo cha bayodinamiki, aina mojawapo ya kilimo hai kisichotumia mbolea na dawa za viwandani, mbele ya watu mjadala unaishia kwenye pembe. Ile habari ya kujaza kinyesi cha ng'ombe ndani ya pembe, unaifukia ardhini miezi kadhaa, unaifukua, unakoroga kwenye maji, unanyunyizia shambani. Kuna wanaocheka wakisema huo ni uganga wa kizungu, kuna wanaoapa kwamba ndo siri ya mavuno, na hao wote kwa pamoja wanaliruka jambo ambalo mi naliona ndo zito kuliko yote: namna haya mashamba madogo yalivyojipanga kuuza chakula kwa majirani. Hayo mawili yamekua pamoja kihistoria lakini hayategemeani, unaweza kuchukua moja ukaliacha lingine, ila ili ujue unachukua lipi lazima kwanza uyatenganishe.

Chimbuko lake ni Juni 1924. Rudolf Steiner, mzaliwa wa himaya ya Austria, alialikwa kwenye shamba la kabaila mmoja, Count Keyserlingk, sehemu inaitwa Koberwitz, wakati huo ikiwa Ujerumani, leo iko Poland na inaitwa Kobierzyce. Akatoa mihadhara 8 ya kilimo. Steiner hakuwa mkulima, alikuwa mwanafalsafa wa mambo ya roho, ndo huyohuyo ambaye mawazo yake yalizaa shule za Waldorf, na Machi 1925 akafariki, kwa hiyo hakupata hata muda wa kuona yaliyotokea. Waliomwita walikuwa na malalamiko ambayo mkulima wa leo wa Mbeya au Nakuru angeyaelewa bila kuelezewa mara mbili: udongo umechoka, mbegu hazina nguvu kama zamani, mifugo inaugua ovyo, na mbolea ya kiwandani imeingia kwa kasi. Miaka minne baadaye, 1928, wafuasi wake wakawa na alama ya biashara inaitwa Demeter, jina la mungu wa kike wa mavuno wa Wagiriki wa kale, na alama hiyo ipo mpaka leo duniani kote. Kwa hiyo kabla watu hawajaanza hata kulizoea neno kilimo hai, hawa jamaa tayari walikuwa na kanuni na nembo.

Sasa kwenye bayodinamiki kuna mambo matatu yamerundikwa pamoja, na ukiyachanganya ndo unabaki unabishana usiku kucha.

La kwanza ni wazo kwamba shamba ni mwili mmoja. Mifugo inakula kinachoota hapohapo, samadi inarudi kwenye udongo, mikunde inalishia udongo naitrojeni, sehemu ya shamba inaachwa iwe na miti na vichaka ili wadudu na ndege wapate pa kukaa (kanuni za Demeter zinataka asilimia 10 ya eneo iwe ya hivyo), na vitu vya kununua kutoka nje vinabanwa viwe vichache iwezekanavyo. Hapa mtu wa Kilimanjaro anaweza kuuliza, sasa kigeni hapo ni nini? Kihamba cha Wachaga ndo hichohicho: migomba juu, kahawa chini yake, ng'ombe wawili watatu bandani wanaletewa majani na mabua kutoka tambarare, wanapewa na migomba iliyokatwa, mbolea inarudi kwenye shina la mgomba, maji yanashuka kwa mfongo, ule mfereji wa asili. FAO wenyewe, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 walikiingiza kihamba cha Shimbwe Juu kwenye orodha yao ya urithi wa kilimo duniani. Hakuna mhadhara wa Koberwitz uliohitajika pale. Kwa hiyo hili la kwanza halina ubishi wowote, ni kilimo cha akili tu na bibi zetu walikuwa wanakijua.

La pili ni zile dawa. Sio sumu za wadudu, ni michanganyiko maalum, na zimepewa namba kuanzia 500 mpaka 507. Ya 500 ndo ile maarufu, kinyesi cha ng'ombe kwenye pembe ya ng'ombe jike, inafukiwa msimu wote wa baridi, ikitoka imekuwa kitu cheusi laini hakinuki kabisa, unachukua kiasi cha kiganja kwa hekta nzima, unakikoroga kwenye maji saa moja kamili, unazungusha upande mmoja mpaka maji yanafanya shimo katikati halafu unageuza ghafla upande wa pili, jioni unanyunyizia kwenye udongo. Ya 501 ni unga wa jiwe la kwatzi, unafukiwa msimu wa joto na unanyunyiziwa asubuhi kwenye majani. Zilizobaki ni za kuwekea kwenye mboji, kidogokidogo mno: maua ya kamomaili yaliyotiwa kwenye utumbo wa ng'ombe, magome ya mwaloni ndani ya fuvu la mfugo, ule mmea unaowasha ambao Wakikuyu wanauita thabai na wanautia kwenye mukimo, na kuna mmoja unatakiwa ukae ndani ya kibofu cha kulungu dume. Ndiyo, kibofu. Na mkulima mwenye nembo ya Demeter hachagui hapa, bila kutumia hizi dawa nembo hapati, na ng'ombe wake hawaruhusiwi kukatwa pembe.

Kwetu hapa swali la kwanza ni la kawaida tu, msimu wa baridi ni lini? Maelezo ya Steiner yamejengwa juu ya Ulaya ya kati, kwamba wakati wa theluji ardhi inavuta nguvu ndani na wakati wa jua inazitoa, sasa mtu yuko Kisumu pale, ikweta inampitia karibu na kichwa, anafukia lini anafukua lini? Ukijibu kwamba atafuata masika na vuli sawa, lakini hapo umeshabuni kanuni mpya, hujafuata ile ya mwenyewe.

La tatu ni kalenda. Hii haikutoka kwa Steiner moja kwa moja, iliyoipa umaarufu ni kazi ya Maria Thun, mama wa Kijerumani aliyekuwa anapanda figili kwa tarehe tofauti na kulinganisha, na kuanzia miaka ya 60 akawa anatoa kalenda kila mwaka. Ukiwahi kufuata safu za nyota za marehemu mnajimu Sheikh Yahya Hussein utaielewa haraka sana: mwezi ukiwa kwenye nyota ya Ng'ombe, Mashuke au Mbuzi hizo ni siku za mizizi, panda karoti, ukiwa kwenye Kaa, Nge au Samaki ni siku za majani, panda mchicha, Mapacha, Mizani na Ndoo ni maua, Punda, Simba na Mshale ni matunda na mbegu. Wapo wazee wa pwani nao wana yao ya mwezi, hasa kuhusu siku za kukata miti ya kujengea, kwa hiyo wazo lenyewe kwamba mwezi una neno kwenye mimea sio geni kwa watu. Mi sina shida na mtu anayefuata kalenda, ila nina shida pale mvua ya kwanza imeshashuka, udongo umelowa vizuri kabisa, na mtu anasubiri siku tatu eti mwezi haujafika kwenye Mashuke. Mvua haisubiri, na kwenye kilimo cha kutegemea mvua siku tatu ni nyingi.

Sasa ushahidi unasemaje? Jaribio linalotajwa zaidi ni la Therwil, karibu na Basel, Uswisi. Lilianza 1978, wakalima vipande vya bayodinamiki, vya kilimo hai cha kawaida na vya kilimo cha mbolea na dawa za viwandani, pembeni kwa pembeni, udongo uleule, mazao yaleyale. 2002 matokeo ya miaka 21 yalitoka kwenye jarida la Science: mavuno ya vipande vya bayodinamiki na vya kilimo hai yalikuwa chini kwa wastani wa asilimia 20, lakini mbolea na nishati iliyotumika ilipungua kwa asilimia 34 hadi 53 na viuatilifu kwa asilimia 97, na udongo ulikuwa hai zaidi, nyungunyungu wengi, vijidudu vya udongoni wengi. Watu wa bayodinamiki wanalipenda sana hili jaribio na kwa kweli ni la heshima. Ila ukisoma vizuri utaona pale samadi ya bayodinamiki ilikuwa inaivishwa mpaka iwe mboji kamili na ile ya kilimo hai ilikuwa samadi iliyooza tu, kwa hiyo pale ambapo udongo wa bayodinamiki ulitangulia huwezi kusema ni pembe, inaweza kuwa ni mboji tu imefanya kazi yake.

Ili ujue pembe inafanya nini inabidi ufanye vitu vyote sawasawa halafu hizo dawa ziwe ndo tofauti pekee. Watafiti wa Marekani walifanya hivyo kwenye shamba la zabibu California, vipande vyote vya kilimo hai, nusu vinapata dawa za bayodinamiki nusu havipati, na matokeo yaliyotoka 2005 yalionyesha kwamba kwa miaka sita ya kwanza ubora wa udongo haukutofautiana. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, mboji ndiyo, mzunguko wa mazao ndiyo, mifugo na mimea kuishi pamoja ndiyo, pembe ni imani ya mtu na saa moja ya kukoroga, kama una nafasi na inakufanya utembee shamba lako lote jioni ukiangalia mimea, koroga tu, haidhuru kitu. Lakini usimuuzie mtu kama sayansi.

Tukishaliweka hilo pembeni, ndo tunafika kwenye soko.

Mkulima mdogo wa mbogamboga shida yake kubwa mara nyingi sio kulima. Ni kwamba anabeba hatari zote peke yake. Anaweka mtaji Januari, anakesha na maji, wadudu wakija ni wake, bei ikianguka ni yake, halafu siku ya kuvuna anakuja dalali na gunia lake la lumbesa, lile lililoshonewa kilemba juu, analipa kwa gunia na sio kwa kilo. Mlaji mjini analipa bei kubwa, mkulima anapata kidogo, na mlaji hajui hata hicho chakula kimepuliziwa nini.

1986 huko kaskazini mashariki mwa Marekani mashamba mawili yalijaribu kuigeuza hii hesabu, na yote mawili yalitokea kwenye mazingira haya ya bayodinamiki. Moja ni Indian Line Farm, Massachusetts, la Robyn Van En na wenzake, akiwemo Jan Vander Tuin aliyekuwa ametoka Uswisi ambako alishaona mipango ya namna hiyo. Lingine ni Temple-Wilton Community Farm, New Hampshire, lililoanzishwa na wakulima watatu, mmoja wao Trauger Groh ambaye alitokea Buschberghof, shamba la bayodinamiki kule Ujerumani. Wajapani nao kuanzia miaka ya 70 walikuwa na mfumo wao, teikei, kina mama wa mjini wanaingia makubaliano moja kwa moja na wakulima. Kwa hiyo wazo halikuwa na baba mmoja.

Indian Line walienda na mfumo wa hisa: gharama za mwaka zinagawanywa kwa idadi ya hisa, unanunua hisa kabla ya msimu, kila wiki unachukua sehemu yako ya kilichovunwa. Kikiwa kingi mnafurahi wote, kikiwa kidogo mnapata kidogo wote. Huu ndo uliosambaa zaidi, mpaka leo mashamba mengi sana Marekani na Ulaya yanauza hivi, hata yasiyojua habari ya bayodinamiki.

Temple-Wilton walienda mbali zaidi na hapa ndo mi huwa nakaa sana. Kila mwaka wanachama wanakutana, wakulima wanaweka bajeti mezani, shamba mwaka huu litagharimu kiasi hiki, na humo ndani yamo maisha ya wakulima wenyewe. Halafu kila familia inatoa ahadi kulingana na uwezo wake, kama kamati ya harusi inavyopitisha kadi za michango. Ahadi zikijumlishwa hazijafika, mzunguko unarudiwa mpaka zifike. Na chakula unachochukua hakihusiani na ulicholipa, unachukua unachohitaji. Yaani hawanunui karoti, wanalipia shamba liwepo, karoti zinakuja kama matokeo. Ukimwambia mtu hivi mara ya kwanza anasema haiwezekani, watu watabeba gunia, lakini lile shamba limekaa miongo mitatu na zaidi kwa utaratibu huo.

Tujaribu kwa hela yetu, namba za mfano tu. Tuseme robo tatu ya heka ya mboga na ng'ombe wawili, gharama zote za mwaka pamoja na mshahara wa mkulima ni shilingi 12,000,000 za Tanzania. Familia 40 za jirani, wastani ni 300,000 kwa mwaka, sawa na 25,000 kwa mwezi. Mwalimu anayesomesha watoto watatu anaahidi 15,000, mwenye duka la hadhwea anaahidi 40,000, jumla ikifika mwezi ule kwenye milioni moja kazi imeisha. Ikigota 850,000 mnaulizana tena, nani anaongeza, au tunapunguza kibarua mmoja? Hiyo 150,000 iliyopungua ndo huwa inatoka mfukoni mwa mkulima kimyakimya siku zote, hapa angalau imeonekana na watu 40.

Kulipa mwaka mzima mbele kwetu ni kujidanganya, watu wengi hela yao ni ya siku au ya mwezi, na wameshalizwa sana na vikundi vya kuchangisha. Kwa mwezi inawezekana, kwa simu, na namba ya kupokelea iwe ya kikundi na sio ya mtu. Halafu kilichomo kwenye kapu kiendane na jikoni za hapo. Niliona kapu moja limejaa majani ya saladi na biti na kitu kinaitwa keli, sawa hiyo itauzika kwa wageni na watu wa mahoteli, hakuna ubaya, ila usiite kuuza kwa jamii. Jamii inataka nyanya, vitunguu, mchicha, mnafu, majani ya kunde, majani ya maboga, hoho, na ndimu ikipatikana. Bahati nzuri hizo mboga za asili ndo ngumu zaidi kwa wadudu na ukame kuliko kabichi, ambayo bila dawa utalia.

Nyanya sasa, hapo ndo mtihani. Mteja anataka nyanya kila siku ya mwaka na masika nyanya ya shamba la wazi isiyopigwa dawa ya ukungu inakufa mbele ya macho yako. Mkulima mkweli atawaambia mapema, Aprili hamna nyanya zangu, kanunueni sokoni. Akianza kuzijaza za sokoni ndani ya kapu bila kusema, ameua biashara.

Na hili la ukweli linatuleta kwenye nembo. Mkaguzi wa nje wa kuja kukupa cheti cha kimataifa ni gharama ambayo mwenye robo heka haiwezi hata akiota. Lakini Afrika Mashariki tuna njia nyingine, tangu 2007 kuna kiwango kimoja cha kilimo hai cha Jumuiya na nembo yake Kilimohai, na wakulima wa soko la ndani wanaweza kuipata kupitia mfumo shirikishi, wengi wanauita PGS kwa kifupi, ambao wakulima wenyewe kwenye kikundi wanakaguana mashamba, wanaandika kumbukumbu, na walaji wanaruhusiwa kuja kuangalia. Mashirika ya kilimo hai, TOAM kwa Tanzania na KOAN kwa Kenya, ndo milango ya kuanzia. Kwa kusafirisha Ulaya hii haitoshi, huko watataka mkaguzi wa nje, ila wewe humuuzii mtu wa Hamburg, unamuuzia mama wa nyumba ya tatu ambaye anaweza kuja Jumamosi na viatu vyake akaona stoo yako ina chupa gani. Kukaguana nako kuna mtego wake, watu wanaogopana, nani atamwandikia shemeji yake kwamba amepuliza? Ndo maana kuwa na mlaji mmoja au wawili kwenye ukaguzi ni lazima, wao hawana shemeji pale.

Kuna jambo moja la udongo ambalo wapenzi wa wazo la shamba kama mwili mmoja wanalipitia haraka. Kila kapu linalotoka limebeba madini. Naitrojeni utairudisha kwa maharage na kunde maana inatoka hewani, lakini fosforasi haitoki hewani, ikitoka imetoka, na udongo wa sehemu kama magharibi mwa Kenya ulishakuwa na upungufu wake kabla hujaanza. Ng'ombe wako hatengenezi fosforasi, anaizungusha tu. Kumbe wateja wa jirani wanasaidia kuliko unavyodhani: kapu likienda na mboga lirudi na maganda ya ndizi, ya viazi, maganda ya mayai, majivu ya kuni. Haitarudi yote, lakini jaribu kufanya hivyo na mteja aliyeko Dubai.

Lingine ni ardhi. Robyn Van En alifariki 1997, na kilicholiokoa shamba lake ni kwamba mfuko wa ardhi wa jamii pamoja na shirika la uhifadhi waliingia kulinunua na kulikodisha kwa wakulima kwa muda mrefu, vinginevyo lingeenda sokoni kama kiwanja kingine chochote. Huku kwetu wengi wa wanaoanza mashamba haya ya karibu na miji wanakodi mwaka kwa mwaka, na mboji inataka misimu kadhaa ndo udongo ubadilike, sasa mwenye shamba akiona limenona anapandisha kodi au anasema mwanangu anataka kujenga. Kwa hiyo kabla ya kuchangisha familia hata moja, andikishaneni walau miaka mitano, serikali ya mtaa au kijiji, na mashahidi, na jina la kikundi liwemo kwenye huo mkataba pamoja na la mkulima, maana kuanzia mwezi wa kwanza hela za watu 40 ndo zimezikwa kwenye ule udongo.